Treni Iliyoendeshwa kwa Cherehani

Taarifa ya kifo chake niliipata kwa kondakta wa basi. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa bado natafuta miwani yangu, na kwa sauti ile ya watu waliozoea kushindana na injini akasema, "Mwalimu, pole sana. Mama Fundi wa Nachingwea hatunaye. Presha ilimpanda jana mchana, wakamkimbiza hospitali, hakurudi." Nikamuuliza mazishi ni lini. Akanijibu ni Jumatano, na kwamba kwenye basi la kesho alfajiri ameshanishikia kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Sikuwa nimemwomba kiti. Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikiwalilia watu waliotangazwa redioni. Huyu hakutangazwa. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka la chumba kimoja mbele ya stendi ya Nachingwea, kazi yake kubwa ilikuwa kushona makava ya viti vya mabasi, na sidhani kama katika wilaya zile mbili, Nachingwea na Ruangwa, kulikuwa na mtu mwingine aliyeyapenda magari ya abiria kama yeye. Mabasi aliyaona kila siku ya maisha yake. Treni aliiona utotoni tu, kwa sababu reli ya Nachingwea iling'olewa miaka michache baada ya uhuru, naye akiwa hajaanza shule. Jina lake silitaji, kama ilivyo kawaida yangu hapa. Pale stendi nako hakuna aliyelitumia.

Nilimfahamu kwa ajili ya suruali. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nikifundisha sekondari huko Ruangwa. Safari ya Ruangwa hadi Nachingwea siku zile haikuwa na saa. Kiangazi tulifika tumepakwa vumbi mpaka kwenye kope, na masika tulikaa zaidi nje ya basi kuliko ndani, wanaume tukisukuma, akina mama wakitangulia kwa miguu na viatu mkononi. Mabasi yenyewe mengi yalikuwa malori yaliyofungwa bodi, na viti vyake vilikuwa vyuma, springi na sifongo iliyokwisha nguvu. Siku moja nilitumwa na mkuu wa shule kufuata karatasi za mitihani. Niliposhuka stendi Nachingwea nikahisi upepo mahali ambapo mwalimu hapaswi kuhisi upepo mbele za watu. Nikaweka mkoba nyuma na kuanza kutembea kwa mwendo wa kaa, nikitafuta pa kujificha.

"Mwalimu, ingia huku," sauti ya mwanamke ikaniita kutoka barazani.

Nilipoingia nilimuuliza amejuaje kuwa mimi ni mwalimu. Akanionyesha kwa kidole vumbi la chaki kwenye mfuko wa shati langu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alinipa kitenge chenye picha za majogoo nijifunge, akaipokea suruali, akaitazama ile sehemu iliyochanika kama daktari anavyotazama jipu. "Ulikaa kiti cha tatu," akasema, "upande wa mlango, dirishani." Nikabaki mdomo wazi, maana ndipo nilipokaa. "Springi ile inachana kwa pembe hivi. Nimewaambia tangu Ramadhani waikunje." Akatoka nje, akamwita kondakta wa basi lile, ambaye wakati huo alikuwa akishusha magunia ya ufuta.

"Wewe! Njoo uone kazi ya springi yako."

"Mama Fundi, gari likitulia tutaikunja."

"Gari halitatulia. Lete koleo sasa hivi."

Kondakta alikuja na koleo, akaniona na majogoo yangu, akageuka upande ili asinichekee usoni. Mama Fundi alimwambia aniombe radhi, naye akaniomba radhi huku mabega yakimtikisika. Nilidhani sasa zamu ya suruali imefika. Haikufika. Yule mama alichukua sindano kubwa, uzi mnene na kipande cha turubai, akapanda mwenyewe ndani ya basi, akasimamia springi ile ikikunjwa, kisha akakaa kwenye kiti cha jirani na kushona kava upya mpaka akaridhika. Mimi nilikaa dukani nimejifunga kitenge karibu saa nzima. Aliporudi nilimlalamikia kidogo. Akanijibu akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, "Suruali hii unaivaa peke yako, Mwalimu. Kile kiti kinakaliwa na kila mtu anayekwenda Ruangwa."

Ni katika saa ile ya kungoja ndipo nilipoinua macho na kuiona treni. Kuzunguka kuta zote nne za chumba, juu kidogo ya kimo cha mtu, palipigiliwa ubao mwembamba kama rafu. Juu ya ubao palilazwa reli mbili zilizotengenezwa kwa spoku za baiskeli, moja baada ya nyingine, zikikaa juu ya mataruma ya vijiti vya mkorosho vilivyokatwa kwa urefu mmoja. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la maziwa lililolala ubavu. Mabehewa yalikuwa maboksi ya vibiriti na majani ya chai yaliyovalishwa vitambaa vya makava, na magurudumu yalikuwa vile vigurudumu vya mbao ambavyo zamani uzi ulikuwa unakuja umezungushiwa. Ndani ya kichwa cha treni alisimama mwanasesere wa kitambaa, mwenye shati la kaki na kofia, mkono mmoja umeshika dirisha. Pembeni mwa reli zilipangwa stesheni za karatasi ngumu, kuanzia pwani kwenye kona moja hadi Nachingwea kwenye kona ya mbele yake. Kutoka Nachingwea reli iliendelea juu ya mlango, kwenye daraja la vijiti, na kurudi tena pwani. Nilipomwambia kuwa nijuavyo mimi reli ile haikuwa ya duara, alisema, "Najua. Lakini cherehani haijui kurudi nyuma."

Maana cherehani ndiyo iliyoiendesha. Kazi za siku zilipokwisha aliuvua mkanda kutoka kwenye gurudumu la cherehani yake ya miguu, akauvika kwenye gurudumu jingine alilochonga mwenyewe, nalo likavuta uzi mrefu uliozunguka chumba kizima. Treni ilifungwa kwenye uzi huo. Alipokanyaga, treni ilitoka pwani kwa mlio mdogo wa spoku zikigongana, ikapita juu ya vichwa vya wateja, ikafika Nachingwea. Hakuichezesha saa za kazi hata kidogo. Mumewe, mkulima wa korosho na ufuta kule Chiola, mtu mpole aliyempigilia zile rafu, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu ana watoto wanne na treni moja," na kusema kweli sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo kwa kulalamika.

Basi nikawa mtu wa pale. Kila nilipokwenda Nachingwea nilipita kumsalimu, naye aliniuliza habari za safari kama wengine wanavyouliza habari za nyumbani: tulikwama wapi, nani alikuwa kwenye usukani, gia ya pili imeacha kulia au bado. Alizijua honi zote. Basi likipiga honi likiwa bado halijaonekana, alilitaja bila kuinua macho kwenye mshono. Alikuwa pia na daftari kubwa la kaunta ambalo nadhani halina mfano wake. Kila basi aliloshonea kava alilikatia ukurasa, akabandika kipande cha kitambaa chake, na chini yake akaandika lilitoka wapi, likaenda njia gani, na lilikufaje: "Lilianguka mlimani, watu salama." "Liliuzwa Songea." "Lipo, limegeuzwa kibanda cha kuku." Ukilifungua daftari lile unaanza na turubai na magunia, unapita kwenye mahameli nyekundu za wakati biashara ya korosho ilipochangamka, unafika kwenye plastiki za kung'aa. Mimi nilifundisha historia miaka mingi, na vitabu nilivyopewa kufundishia havikuwa na hata ukurasa mmoja juu ya namna watu wa kusini walivyosafiri.

Asili ya mapenzi yale ilikuwa baba yake. Alikuwa Mmakua aliyetoka Msumbiji, akavuka Ruvuma akiwa kijana kuja kutafuta kazi wakati wa ule mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni. Mradi ulikufa, yeye akabakia kwenye reli, na reli nayo ilipong'olewa akabaki Nachingwea akilima mpaka alipofariki, binti yake akiwa darasa la tatu. "Baba yangu alikuwa dereva wa treni," Mama Fundi aliniambia siku ya kwanza kabisa, na aliwaambia hivyo wote walioinua macho kuitazama treni yake. Yule mwanasesere wa shati la kaki ndiye baba. Mabaki ya reli hayakuwa haba mjini. Vipande vya chuma chake vilitundikwa kwenye shule kadhaa kuwa kengele, tuta lake likawa njia ya baiskeli, na mataruma yake mengine yalishikilia mapaa ya watu. Aliyemkumbuka mtu mmojammoja aliyeifanyia kazi, huyo ndiye aliyekosekana.

Mimi nikajitia kumtafuta. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa muda mrefu nililihesabu kuwa kosa. Nilikuwa nimemsindikiza mwalimu mwenzangu Ruponda kupeleka posa, na miongoni mwa wazee waliotupokea alikuwapo mmoja, Mmwera mrefu aliyeinama mgongo, ambaye maongezi yalipofika kwenye ubovu wa barabara alisema kwa majivuno kwamba yeye ujana wake aliutumia kwenye reli. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Wiki mbili baadaye nikamfuata, nikampakia kwenye basi, nikampeleka Nachingwea awe zawadi kwa Mama Fundi. Nilimtumia salamu mapema, hivyo siku hiyo duka lilifagiliwa, cherehani imefutwa, mumewe amekuja kutoka shamba, na wali na kuku viko jikoni. Alivaa gauni jipya. Nadhani alilishona kwa ajili ya siku ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee aliketishwa katikati ya chumba, Mama Fundi akavika mkanda na kukanyaga. Treni ilipotoka pwani mzee alishika magoti kwa mikono miwili akacheka kicheko cha mtoto. Akazitaja stesheni kabla treni haijazifikia. Akasimama, akakaa tena. Akawa anasahihisha, akichanganya Kiswahili chake na Kimwera, na mume wa Mama Fundi akimsaidia pale neno lilipokataa kuja: hapa pana mteremko, hapa injini ilikuwa inanyweshwa maji, hapa palikuwa na kambi yetu. Mama Fundi alikanyaga huku akiandika kwa chaki ya fundi juu ya meza, machoni amejaa furaha. Treni ilipita mara ya tatu. Mzee akanyoosha kidole.

"Na huyu ntu kwenye injini, nani?"

"Ndiye baba yangu," akajibu, akamtaja jina. "Alikuwa dereva."

Mzee alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Namjua," akasema. "Tulilala kambi moja." Nadhani kama Mama Fundi asingesema, "Niambie, baba, nimengoja sana," angeliacha hapo. "Mwanangu, dereva hakuwa yeye. Madereva hawakulala kambi yetu. Sisi tulikuwa watu wa njia."

Miguu ya Mama Fundi ikasimama. Treni nayo ikasimama, juu ya mlango. "Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Anatembea. Asubuhi anachukua nyundo na spana, anafuata reli, anagonga, anasikiliza. Palipolegea anakaza. Akifika kwenye alama anarudi. Kesho tena."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na injini hakuwahi kupanda?"

Hapo mzee akatabasamu, akidhani amepata la kumfurahisha. "Alipanda siku moja. Mvua ilimkuta mbali, dereva akamwonea huruma, akampakia mpaka kambini, akamwachia avute kamba ya honi. Ee! Mwezi mzima hatukupumua kwa maneno yake." Akacheka peke yake. Mama Fundi aliinuka, akasema chakula kinapoa, akatuandalia kwa heshima zote, akamnawisha mzee mikono. Alimshukuru mara mbili. Alipotusindikiza stendi alichagua mwenyewe kiti kizuri cha kumrudisha mzee Ruponda. Lakini hakuniangalia. Ndani ya basi mzee aliniuliza, "Mwalimu, nimeharibu?" Nikasema sijui. Naye akasema, "Ningejua anaamini vile, ningemwacha baba yake aendeshe."

Kwa karibu miezi miwili sikupita mbele ya duka lile. Nikifika Nachingwea nilishukia kona ya chini, nikazunguka nyuma ya soko kama mdaiwa. Nilijiambia kwamba nimemvunjia mtu kitu ambacho hakina fundi wa kukitengeneza, tena kwa kiherehere cha kutaka kushukuriwa. Mwisho alikuwa yule yule kondakta wa koleo aliyeniletea ujumbe hadi Ruangwa, akausema kwa sauti mbele ya wanafunzi wangu: "Mama Fundi anauliza umehama nchi?" Jumamosi iliyofuata nikaenda.

Treni ilikuwapo. Kichwa chake kilikuwa kitupu. Nilitafuta kwa macho mpaka nikamwona yule mwanasesere wa kaki mbele ya kambi mpya ya karatasi ngumu, kando ya reli, pale mzee alipoonyesha. Kofia ilikuwa ile ile, lakini sasa mkononi alishika nyundo iliyotengenezwa kwa msumari, na kwenye kiatu chake Mama Fundi alikuwa ameshona kiraka kidogo sana. Mteremko ulikuwa umewekwa. Tangi la maji la kopo lilikuwa limesimamishwa mahali pake.

"Nilikasirika," aliniambia, akiendelea kupinda mkono wa shati la mtu. "Si kwa yule mzee, wala si kwako, ingawa wewe umejificha kama mwizi wa kuku. Nilimkasirikia baba. Nikamtoa kwenye injini, nikamtia kwenye droo pamoja na vifungo. Sasa droo ile naifungua mara ngapi kwa siku? Kila nikitaka kifungo, baba huyo. Siku moja nikajikumbuka mimi mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kumkimbilia akirudi. Mtu ametembea tangu asubuhi, miguu imevimba, na mtoto wake anamdandia shingoni, anamuuliza, 'Baba, leo umeiendesha treni?' Wewe ungemjibu nini?"

"Ningesema ndiyo," nikasema.

"Basi. Kumbe habari ile niliianzisha mimi, yeye akanikubalia." Akakata uzi kwa meno. "Na tena, Mwalimu, hao madereva walipita wakati mmoja tu kwa siku, wamekaa. Njia ilikuwa na nani muda wote huo?" Nilimuuliza sasa nani ataendesha. Akanitazama juu ya miwani. "Nitamtafuta. Ukimsikia popote, nijulishe." Baadaye alimshona dereva mwingine, mwenye miwani nyeusi, na hakumpa jina. Akamshonea pia yule mzee wa Ruponda koti la drili, akalituma kwa basi, na nikaambiwa mzee alilivaa Ijumaa mpaka Ijumaa na kumweleza kila mtu kwamba ni sare yake ya reli iliyochelewa kufika.

Nilihamia Dar es Salaam baadaye, na yeye akaendelea kuishi na mabadiliko ambayo wengi wetu tunayaongelea kwa manung'uniko. Daraja la Rufiji lilifunguliwa, foleni za kivuko zikaisha, mabasi makubwa ya kisasa yakaanza kufika Nachingwea yakiwa na viti vilivyoshonwa kiwandani. Kazi ya makava ikapungua, kisha ikawa ya mabasi machache ya vijijini tu. Nilipomtembelea miaka hiyo nilijiandaa kumpa pole. Nilimkuta ndani ya basi jipya lililoegeshwa, amechuchumaa kati ya viti, anapitisha kidole kwenye mshono. "Mashine hii imenyoosha kuliko mimi," akasema. Nikamuuliza haimuumi. "Iniume kwa nini? Abiria hatachanika." Alirudi dukani, akakata kipande kidogo cha kitambaa alichopewa na dereva, akakibandika kwenye daftari, akaendelea na sare za shule alizokuwa akishona. Safari moja alikuja Dar kumwona mwanawe, na mimi nikampeleka stesheni ya reli akapande treni hata ya kwenda vituo viwili mbele. Siku hiyo treni haikuondoka. Tulikaa mpaka alasiri, kisha akaomba ruhusa kwa askari, akatembea kutoka behewa la mwisho hadi kichwani akiligusa kila moja, akarudi amechafuka mikono na kuniambia tuondoke, ameshiba. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira njia nzima.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Tunaishi katika nchi ambayo kila mtu anamjua anayekata utepe wa barabara, na dereva wa basi la kasi ana mashabiki wake. Anayekaza msumari, anayekunja springi, anayefagia stendi kabla abiria wa kwanza hajafika, tunamwona pale tu kazi yake inapokosekana. Mama Fundi hakuhubiri habari hizi. Alipenda vitu vinavyobeba watu, akavipenda kutoka upande wa anayevitunza, na furaha yake haikungoja wengine waione kuwa ina maana. Kuna wateja waliomcheka miaka yote ile kwa ajili ya kopo la maziwa linalotembea ukutani. Aliwacheka nao, akawapimia suruali zao.

Siku ya mazishi mabasi manne yalisimama Nachingwea bila kuita abiria. Madereva na makondakta ndio waliobeba jeneza kwa zamu, na yule kondakta wangu, ambaye sasa ana mvi, alilia waziwazi. Baada ya kurudi tulikaa barazani na mumewe. Watu walikuwa wakimuuliza, kama watu wanavyouliza msibani, duka litafungwa lini, cherehani itauzwa au atapewa binti. Alisikiliza kwa upole wake. Binti atalichukua daftari, alisema, maana ameolewa Masasi na ameahidi kuendelea kuandika. Cherehani haitoki. Mtu mmoja akamwambia, "Lakini mzee, wewe hujui kushona." Akajibu, "Kushona sijui. Kukanyaga najua." Akaingia ndani, nasi tukasikia spoku zikianza kugongana, taratibu, halafu sawasawa.

Nimerudi Dar na jambo moja la kufanya, na ninalifanya hapa. Wengi wetu tukiletewa ukweli unaoharibu hadithi tuliyoizoea, humkimbiza aliyeuleta, au huitupa hadithi pamoja na mtu aliyetusimulia. Nimemwona mwanamke mmoja akifanya kazi ngumu zaidi ya hizo: kumtoa baba yake mahali pasipo pake na kumweka pake, kwa upendo ule ule. Wasomaji wangu wa siku nyingi, mara mbili au tatu nimewaandikia katika safu hii kwamba nilikwenda Ruangwa kufundisha kwa kujitolea, kwa mapenzi ya kuwatumikia watu wa kusini. Mmoja wenu aliniandikia barua nzuri ya kunisifu, na bado ninayo. Si kweli. Nilipangiwa. Nilikwenda kwa mkubwa wangu mara tatu kuomba nibadilishiwe, nikakataliwa mara tatu, na siku ya kusafiri nililia. Miaka miwili ya mwanzo nilifundisha vibaya, nikiwa nimefunga sanduku. Kuwapenda wale watu kulikuja polepole, kwa kazi yao zaidi kuliko yangu. Nawaomba radhi, na hasa yule aliyeniandikia barua. Mwalimu mnayemsoma kila wiki ni huyo aliyelia.